Sauti Iliyongoja Lori

Inspekta Truphosa Makhanu alikuwa hajamaliza hata kuvuta kiti, mtu akaungama mbele yake.

"Ni mimi, madam," alisema Stephen Njuguna. "Hiyo albamu si ya Wariara. Ni mimi na kompyuta."

Makhanu alikuwa amezoea kuufukuza ukweli kama kuku wa kienyeji, huku na kule, mpaka jasho limtoke. Huyu wa leo alikuwa amejileta mwenyewe jikoni, amejichinja na kujinyonyoa. Aliketi, akamtupia jicho Konstebo Kiptum aliyesimama mlangoni, kisha akatoa kalamu. Hata onyo la kisheria alikuwa hajalitoa. Alilitoa sasa, neno kwa neno. Njuguna akalisikiliza kwa adabu, akaungama tena.

Studio ilikuwa orofa ya pili mjini Nakuru, juu ya duka la vipuri vya magari. Kuta zote zilivikwa sponji nyeusi, na mlango ulipofungwa kelele za mji zilikatika ghafla, masikio yakahisi kuziba. Mwenye studio alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kofia ya sufu kichwani, sauti ya upole. Aliwamiminia chai ya thamosi kabla hajawauliza wao ni nani. Makhanu hakuigusa.

Kesi yenyewe ilianza na mama mmoja. Miaka minane nyuma, binti yake, Natalie Wariara wa Elburgon, alikuwa ametengeneza albamu kwa kibodi na kompyuta, mdundo wake ukiwa ni mngurumo wa msumeno wa kiwanda cha mbao alikofanya kazi babake. Nchi nzima iliucheza, harusini na hata kwenye mikutano ya kampeni. Kisha Wariara akamwambia mama yake kwamba anaenda kutengeneza albamu ya pili, akaondoka na begi moja. Kwa mwaka hivi zilikuja jumbe fupi za simu. Halafu simu ikazimwa. Sasa, majuzi tu, albamu mpya ilikuwa imetokea mtandaoni, nyimbo tisa, jina lake *Nipo*. Mashabiki walishangilia. Mama mtu alikuja kituoni na simu mkononi, akauliza swali moja: kama anaimba, yuko wapi?

Akaunti iliyopakia nyimbo hizo ilifunguliwa kwa simu ya Njuguna.

"Eleza polepole," Makhanu alisema. "Kompyuta inaimbaje?"

"Ni AI, madam. Unaipatia nyimbo zake za kitambo, inajifunza sauti. Halafu unaandika maneno, inaimba. Hata kuongea inaongea." Njuguna alizungusha kiti, akabonyeza herufi kadhaa, akangoja.

Spika mbili kubwa zikavuta pumzi.

"Karibu, Inspekta Makhanu," sauti ya Wariara ilisema. "Chai yako inapoa."

Kiptum alirudi nyuma, kisogo kikagonga mlango. Makhanu alihisi ubaridi ukimpanda mgongoni, na akakasirika kwa kuuhisi. Ilikuwa sauti ileile iliyochezwa kwenye harusi ya dada yake, tamu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno. Lakini haikuwa na mtu ndani yake.

"Izime."

"Sorry, madam. Nilitaka tu uone."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Njuguna alitazama vidole vyake. "Mimi nilimwona mwisho kitambo, ile time ya albamu ya kwanza. Watu wanasema mengi. Wengine wanasema alienda nje, akaharibika. Lakini jiulize, madam. Kama Wariara angekuwa hai, si angekuwa ashanishtaki? Mimi nilithubutu juu nilijua hakuna mtu atakuja."

Hoja ilisimama kwa miguu yake. Makhanu aliizunguka pande zote, hakuona pa kuisukuma.

"Na huu mdundo? Hii ngurumo?"

"Hiyo si mashine. Ni malori. Nilirekodi Salgaa, kando ya barabara, pale yanabadilisha gia. Yeye alitumia msumeno wa babake, mimi nikasema nitumie lori. Fans wanapenda vitu kama hizo."

Juu ya meza palikuwa na picha moja tu katika chumba kizima. Mzee wa kofia pana alisimama mbele ya jengo la mabati ya kijani, na ubao nyuma yake uliandikwa *Gathogo Lodging, Salgaa*. Utepe wa zambarau wa matanga ulikuwa bado umefungwa kwenye kona ya fremu.

"Mzee wako?" Makhanu aliuliza.

"Ee. Mzee Gathogo. Lojing yake ya wageni tuliifunga akifariki." Njuguna alivua kofia, akaikunja mapajani. "Nilimzika Naivasha, kwa shamba. Alienda kabla sijampatia jina. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka wa leo. Nilimwahidi pale kaburini, nikijaliwa nitamletea."

Sauti ilimtetemeka. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Makhanu alimwamini kabisa.

"Una watoto?"

"Sina. Mungu bado hajanikumbuka."

Makhanu alifunga maandishi yake. Alichokuwa nacho ni mwizi wa sauti, si muuaji, na mwizi wa sauti hulala kwake hadi siku ya kuitwa. Alimwagiza Njuguna asitoke mjini na afike kituoni Jumatatu na wakili wake. Njuguna alishukuru, akawasindikiza hadi kwenye ngazi kama mwenye nyumba mwema.

"Sasa mnaenda kumwambia mathe yake?"

"Ee, Elburgon," Kiptum alijibu. Ulimi wa Kiptum haukuwahi kupata komeo.

"Aki pole yake. Huko ni mbali kidogo," Njuguna alisema. "Msafiri salama."

*

Elburgon ilikuwa baridi, na hewa yote ilinuka mbao mbichi. Miaka kadhaa misumeno ya mji huo ilinyamaza, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti. Sasa ilikuwa imerudi kazini, na nyumba ya Mama Natalie ilikuwa imepakana na kiwanda, ukuta kwa ukuta. Mama alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, leso kichwani, sweta ya mumewe marehemu mwilini. Aliwaketisha, akawawekea viazi vya kuchemsha na chai.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Jana usiku nili—"

Msumeno uliuma gogo. Nyumba nzima ikatetemeka, vikombe vikaimba mezani. Kiptum alijaribu kusema kitu, midomo ikacheza bila sauti kama samaki. Mama Natalie yeye alinyamaza tu, mkono ukiwa bado hewani, uso umetulia. Gogo lilipoisha aliendelea palepale alipoachia.

"—ota nikiwaona mlangoni. Mmemleta ama mmeleta habari?"

Hakuna chuo kinachomfundisha askari namna ya kujibu swali kama hilo. Makhanu aliweka kikombe chini.

"Mama, ile sauti si yake. Ni mashine. Kuna mtu amekubali mwenyewe. Aliifunza kompyuta kuimba kama Natalie." Alijilazimisha kumaliza. "Na alithubutu kwa sababu anaamini Natalie hayuko tena."

Mama Natalie alichukua kiazi, akaanza kukimenya. Alikimenya chote, maganda membamba kabisa, halafu akakirudisha kwenye sahani.

"Basi nitamwambia pasta," alisema. "Miaka hii yote wananiambia tufanye ibada, nilie, niwache. Nikakataa. Nikawaambia silii mtu sijazika. Saa hii hata wa kuzika sina, lakini nitalia. Mtu hawezi kungoja ma—"

Msumeno ukauma tena. Alingoja. Chozi lilimshuka shavuni katikati ya ngurumo, naye akaliacha.

"—shine," alimaliza.

Makhanu alitamani kuinuka aondoke. Kazi haikuwa na lingine la kumpa mama huyu.

"Sijasikia ule wimbo wa mwisho," Mama alisema. "Zile zingine nane nimesikiza. Ule wa tisa niliogopa, nikasema nikimaliza atakuwa ameisha. Sasa si ashaisha? Wacha nisikie."

Aliingia chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Zilikuwa hedifoni za bintiye, kubwa, alizozitumia kwa albamu ya kwanza. Kiptum alizichomeka kwenye simu. Mama alisisitiza kwamba Inspekta asikize pia, kwa hiyo waligawana, kila mmoja sikio moja, mashavu karibu kugusana. Ilikuwa saa ya chakula. Kiwandani wafanyakazi walizima mashine, na mji ukawa kimya.

Malori yalianza. Moja, jingine, jingine, gia zikishuka, mpaka yakawa mdundo. Makhanu alikuwa ameusikia wimbo huu ofisini, kwenye spika ya simu, huku watu wakiingia na kutoka. Hakuwahi kuusikia hivi. Sauti ya Wariara iliingia juu ya mdundo, ikapanda na ubeti, na katikati ya neno ikakatika. Ngurumo moja kubwa ilipita. Kisha sauti ikaendelea, palepale ilipoachia.

"Amekatika," Makhanu alinong'ona. "Kuna hitilafu."

"Hajakatika," Mama alisema. "Anangoja lipite."

Alisema kama mtu anayesema maji yamechemka. Baadaye ndipo yeye mwenyewe alipoyasikia maneno yake, akamgeukia Makhanu, macho yamemtoka.

"Hapa sisi sote tunangoja," alisema polepole. "Huwezi kuongea msumeno ukiuma. Alijua kungoja kabla hajajua kutembea."

Makhanu alirudisha wimbo nyuma. Sauti ilingoja lori la kwanza. Ililingoja la pili. Lori dogo lilipopita haikungoja, ilipanda tu kidogo.

"Kiptum. Leo asubuhi, ile mashine ilingoja nini?"

"Haikungoja kitu, madam. Aliandika, ikaongea."

"Haina masikio. Malori yangewekwa baadaye, chini ya sauti. Anayengoja lori ni yule anayelisikia."

"Lakini huyo jamaa anaweza kuedit," Kiptum alisema. "Akate hapa, aweke pale."

"Anaweza. Lakini ni prodyuza gani anayekata neno la mwimbaji katikati kwa hiari yake?"

Mama Natalie alikuwa ameushika mkono wa Makhanu kwa nguvu ya mtu aliyebeba kuni maisha yake yote. Wimbo ulifika mwisho. Mdundo ulikufa, na Makhanu akanyoosha kidole kuuzima.

"Ngoja," Mama alisema.

Wakangoja. Kimya kilikuwa kirefu, kimya cha chumba chenye mtu. Halafu, chini kabisa, karibu na pumzi, sauti ya Wariara ilisema bila wimbo wowote: "Lala, Gathogo. Nyamaza ulale."

Makhanu alivua hedifoni. Aliiona tena ile picha, kofia pana, mabati ya kijani.

"Gathogo ni babake yule mtu," alisema. "Mzee aliyekufa."

"Mzee aliyekufa haambiwi alale, mwanangu. Ashalala." Mama alikuwa ameinuka. "Huyo ni mtoto. Natalie ako na kijana."

"Kwa nini aitwe Gathogo?"

"Kwenu mnaitanaje watoto?"

"Kwetu Bungoma hufuata waliotangulia. Hutegemea."

"Sisi Wakalenjin ni siku ulizaliwa na kilichokuwa kikiendelea," Kiptum alidakia. "Mimi nilizaliwa wakati wa—"

"Kiptum."

"Pole, madam."

"Kwetu haitegemei," Mama alisema. "Kijana wa kwanza ni jina la baba ya bwanako. Kama Natalie angezaa bila bwana, mtoto angeitwa Wanyoike, mzee wangu, amrudie babu yake hapa nyumbani. Akiitwa Gathogo, kuna mwanaume amesema huyu ni wangu. Na huyo mwanaume, babake ni Gathogo."

*Alienda kabla sijampatia jina.* Makhanu alisimama. Asubuhi ile alikuwa amelisikia neno hilo, akaliona uchungu wa kawaida wa mwana kwa baba, akalipita. *Sina. Mungu bado hajanikumbuka.* Uongo mmoja na ukweli mmoja, vimekaa kiti kimoja.

"Alikiri haraka," alisema, kama anayejisemea. "Alinipa mwizi mdogo ili nisimtafute mkubwa. Tukiamini mashine, Wariara amekufa, na aliyekufa hatafutwi."

"Lakini madam, hilo jina angefuta," Kiptum alisema. "Nyimbo tisa hakuna jina la mahali, hakuna la mtu, hakuna kitu. Alisafisha yote. Hilo alisahau?"

"Prodyuza hasahau sauti. Alilisikia. Pengine alilisikia mara mia, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta."

Mama Natalie ndiye aliyemalizia, na katika sauti yake kulikuwa na kitu kilichofanana na majivuno.

"Likamshinda. Nani atafuta jina la babake? Na Natalie alijua litamshinda. Msichana wangu."

*

Simu ya Njuguna ilikuwa imezimwa. Makhanu alipiga mara tatu, kisha akampigia Sajini Kosgei, askari mzee wa Salgaa aliyewahi kufanya naye kazi. Alihesabu moyoni huku simu ikilia. Kutoka Nakuru hadi Salgaa hakuna mwendo wa saa moja, na wao walikuwa wamemaliza asubuhi nzima barabarani na mezani. Msafiri salama, aliwaambia. Alikuwa akiwapimia umbali.

"Sajini, unaijua Gathogo Lodging?"

"Ile ya mabati ya kijani? Imefungwa miaka, madam. Lakini leo nimeona gari ya Probox imetoka hapo mbio. Nikashangaa."

"Saa ngapi?"

"Kitambo kidogo. Kama saa tano hivi."

"Iko wapi sasa?"

"Ilishika barabara ya Nakuru."

"Vunja mlango. Usikate simu."

Aliiweka simu mezani, kati ya viazi, spika imefunguliwa. Walisikia Kosgei akihema, akiita mtu alete nyundo. Malori yalikuwa yakipita nyuma yake, na Kiptum akageuza uso, kwa maana ulikuwa mdundo uleule, wimbo wa tisa bila mwimbaji. Kufuli liligongwa, likagongwa tena, likaanguka.

"Kuna korido," Kosgei alisema. "Vyumba viko wazi, hakuna mtu. Vumbi tu. Ngoja. Huku nyuma kuna kimoja kina kufuli mpya."

Nyundo tena. Mama Natalie alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Kuta zote zimewekwa magodoro, madam. Kuna kibodi. Kuna nguo za mtoto." Sauti ya Kosgei ilibadilika ghafla, ikawa ya baba mtu. "Kuna mwanamke. Ako hai. Binti, usiogope, ni polisi. Shika simu, kuna watu wako hapa."

Simu ilikwaruza. Mtu alipumua karibu nayo, pumzi fupifupi.

"Natalie," Mama alisema.

"Mami?" Ilikuwa sauti ileile, yenye mkwaruzo mwishoni, lakini safari hii ilikuwa na mtu ndani. "Mami, ame—"

Lori liliingia. Ngurumo yake ilijaa chumba cha Salgaa na jiko la Elburgon, na sauti ikanyamaza, ikangoja. Mama Natalie naye alingoja, midomo wazi, macho kwenye simu. Makhanu alikuwa hajapata kuona kitu kirefu kama lile lori.

Likapita.

"—mchukua Gathogo."

Mama aliketi chini, sakafuni, palepale aliposimama. Makhanu aliinama juu ya simu.

"Natalie, mimi ni Inspekta Makhanu. Amempeleka wapi?"

"Alikuja mbio akasema mmejua, ama mtajua." Alikuwa akilia sasa, lakini maneno yalitoka yamenyooka, ya mtu aliyeyarudia kichwani muda mrefu. "Akasema mimi nibaki. Mimi hanihitaji tena, mashine iko. Lakini mtoto ni wa babake. Amekuwa akisema hivyo tangu azaliwe, kwamba siku moja atampeleka amwone mwenye jina. Leo amemvisha nguo za kanisa. Nilimuuliza mtarudi saa ngapi. Hakunijibu."

Kiptum alikuwa amewasha gari kabla hajaambiwa. Makhanu alikimbia uani, koti mkono mmoja, huku akiwapigia polisi wa Naivasha. Hakuhitaji kumuuliza mtu kaburi liko wapi. Njuguna alikuwa amemwambia mwenyewe asubuhi ile, kofia mapajani, kwa sauti ya kweli.